Njia Iko Wapi Katika Sentensi? Kiingereza Katika Nchi ya Chai

Mkulima wa Litein au wa Mogogosiek akitaka kukueleza habari za lori la majani chai, sentensi tatu zinamtosha: lori liko kiwandani, lori linaenda kiwandani, lori limetoka kiwandani. Lisikilize neno la mwisho. Halikubadilika hata herufi moja. Lori liwe limeegeshwa, linakwenda au linarudi, kiwandani ni kiwandani, na kazi yote ya kueleza safari imebebwa na kitenzi. Sasa mpe mtoto wa darasa la sita sentensi hizo azieleze kwa Kiingereza. Jina la mahali halisimami tena peke yake: mara ni "at the factory", mara "to the factory", mara "from the factory". Akizidi kusoma atakutana na "down at the factory" na "back from the factory", na siku moja atakuta yote yamefungwa furushi moja: "straight back down to the factory". Hapo ndipo kalamu nyekundu ya mwalimu hupata kazi, na hapo ndipo mzazi huambiwa kwamba mwanawe hajui vihusishi. Hoja ya makala haya ni kwamba mtoto huyo anajua zaidi ya anavyodhaniwa. Hajakosa akili ya kueleza mahali na mwendo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba lugha za nyumbani kwake huiweka njia ndani ya kitenzi, ilhali Kiingereza huitoa nje ya kitenzi na kuigawia maneno madogo yanayofuatana kwa mpangilio wake.

Tuanze na majina ya vitu. Kielezi ni neno linaloeleza tendo limefanyika vipi, wapi au lini: haraka, juu, mapema. Kihusishi ni neno linalounganisha jina na sehemu nyingine ya sentensi: katika, kwa, mpaka. Kihusishi kikishikana na jina lake, tunapata kirai kihusishi, kama vile "katika shamba" au "mpaka Bomet". Vitabu vya shule hufundisha kielezi sura moja na kihusishi sura nyingine, kana kwamba havikutani. Lakini katika Kiingereza cha kila siku, cha redioni, cha kazini na cha barua, viwili hivi hutembea pamoja mara nyingi, kielezi kikitangulia na kirai kikifuata. Na namna vinavyoshikana si ya aina moja. Ziko nne, na anayezichanganya ndiye anayeona Kiingereza kama msitu usio na kijia.

Namna ya kwanza ni kielezi kinachokipima kirai. "Right behind the church" ni nyuma ya kanisa kabisa, si nyuma kidogo. "Just outside Bomet town" ni nje ya mji wa Bomet, lakini hatua chache tu. "Well before noon" ni kabla ya saa sita, tena kabla sana. Namna ya pili ni kielezi kinachoonyesha msemaji amesimama wapi, kisha kirai kinapigilia msumari mahali penyewe. Hapa nchi ya chai ina mfano ulio wazi kuliko kitabu chochote, kwa sababu ni nchi ya miinuko. Mji wa Kericho uko mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki ardhi inazidi kupanda kuelekea Mau, na upande wa magharibi barabara ya Kisumu inateremka hadi tambarare za Kano. Kwa hiyo mtu wa Kericho akisema kwa Kiingereza yuko wapi ndugu yake aliyeko Ahero, atasema "down in Ahero", naye aliyeko Ahero atasema "up in Kericho". Kirai kimetaja mji, nacho kielezi kimetaja mteremko uliopo kati ya wasemaji. Ukikiondoa kielezi, mji utabaki, lakini mteremko utapotea pamoja na mahali aliposimama anayezungumza.

Namna ya tatu ni kielezi kisichokamilika bila kirai chake: "far from the road", "ahead of the others", "together with the clerk". Hii haimsumbui Mswahili hata kidogo, na sababu yake tutaiona. Namna ya nne ndiyo inayodanganya, kwa maana kielezi na kirai husimama bega kwa bega bila kuwa na undugu wowote. Katika "She threw the leaves quickly into the basket", yaani alitupa majani kapuni haraka, neno "quickly" halikielezi kirai "into the basket". Kila kimoja kinakieleza kitenzi kwa upande wake. Kuna jaribio jepesi la kuthibitisha hilo. Lihamishe neno "quickly" mbele ya kitenzi: "She quickly threw the leaves into the basket". Sentensi imesimama vizuri. Sasa weka "right" mahali pa "quickly", useme "She threw the leaves right into the basket", halafu jaribu kuihamisha "right" vilevile. Haihamiki. Imeshikamana na kirai, na hakuna Mwingereza atakayesema "She right threw". Mwanafunzi aliyefanya jaribio hili mara tatu nne kwa mkono wake hahitaji kukariri orodha ya vielezi vinavyoweza kukipima kirai, kwa sababu ameshapata njia ya kuvitambua mwenyewe.

Baada ya hapo tunaweza kuifungua sentensi ndefu na kuiangalia kwa karibu: "The lorry went straight back down to the factory late in the evening". Kiswahili kingesema: lori lilishuka moja kwa moja kurudi kiwandani jioni sana. Tazama kazi ilivyogawanywa. Kiswahili kimetumia vitenzi viwili, kushuka na kurudi, na kila kimoja kimebeba kipande chake cha njia. Kiingereza kimetumia kitenzi kimoja tupu, "went", kisichosema kama lori lilipanda, lilishuka, liliingia au lilitoka. Habari hizo zote zimeachiwa maneno yanayofuata. "Straight" inasema halikusimama njiani. "Back" inasema ndiko lilikotoka. "Down" inasema kuna mteremko. "To the factory" inataja mwisho wa safari. Ndipo wakati unakuja, nao una jozi yake: "late" ikipima, "in the evening" ikitaja. Tena mpangilio haubadilishwi ovyo. Ukisema "down back straight to the factory" umeivunja sentensi ingawa kila neno ni sahihi. Kinachopima hutangulia, marejeo hufuata, kisha mteremko, kisha mahali penyewe, na wakati huja mwisho. Kwa sentensi nyingi za kawaida za mwendo, huo ndio mpangilio.

Tofauti hii si ya bahati. Mwanaisimu wa Marekani Leonard Talmy, katika maandishi yake yaliyojulikana sana tangu 1985, alionyesha kwamba lugha za dunia zinaweza kutengwa kwa kuuliza swali moja tu: njia ya mwendo inakaa wapi katika sentensi? Ziko lugha zinazoiweka ndani ya kitenzi, kama Kihispania, Kifaransa na Kituruki. Ziko nyingine, kama Kiingereza na Kijerumani, zinazoiweka nje, katika maneno madogo yanayokizunguka kitenzi. Kiswahili kiko wazi kabisa kwenye kundi la kwanza. Tuna kupanda, kushuka, kuingia, kutoka, kuvuka, kupita, kurudi, na kila kimoja ni njia nzima ndani ya neno moja. Kiingereza cha kawaida huanza na "go" au "come" kisha huongeza "up", "down", "in", "out", "across", "past", "back". Kwa hiyo Mhispania na Mfaransa wanaojifunza Kiingereza hukwama palepale anapokwama mtoto wa Bomet. Ugumu huu hauna uhusiano na rangi ya ngozi wala na uduni wa shule ya kijijini.

Wengi wa watoto wa Kericho na Bomet huanza maisha na lugha nyingine kabla ya Kiswahili, nayo inaunga mkono hoja hii kwa namna yake. Kikipsigis, lugha mojawapo ya kundi la Kalenjin, kina kihusishi kimoja cha mahali kinachofanya kazi nyingi mno: "eng'". Kinaweza kusimama pale ambapo Kiingereza kingetaka "in", "at" au "from", na msikilizaji huelewa kutokana na kitenzi. Zaidi ya hapo, kitenzi cha Kikalenjin kinaweza kuvaa kiambishi mwishoni kinachosema kama tendo linamjia msemaji au linamwacha na kwenda mbali. Habari ambayo Kiingereza huitoa kwa "back here" au "away over there" hukaa hapo katika mkia wa kitenzi. Wataalamu wameandika sarufi ya lugha za kundi hili kwa zaidi ya karne, tangu A. C. Hollis alipochapisha kitabu chake juu ya Wanandi mwaka 1909, hadi mwenyeji wa Kericho, Taaitta Toweett, aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu, alipotoa uchunguzi wake wa isimu ya Kikalenjin mwaka 1979. Maarifa yapo, lakini hayajashuka hadi kwenye daftari la mwalimu wa Kiingereza. Mtoto wa Kipsigis anaingia darasani akiwa na lugha mbili zinazokubaliana kwamba mahali hutajwa kwa urahisi na njia hubebwa na kitenzi. Anakutana na lugha ya tatu inayofanya kinyume, na hakuna anayemwonya.

Ushahidi mzito zaidi uko katika makosa yenyewe, ukiyasoma kwa utulivu badala ya kuyacheka. Kosa maarufu kuliko yote ni "return back". Jingine ni "enter inside", na jingine ni "descend down". Walimu hueleza kwamba ni kurudia jambo mara mbili, wakaishia hapo. Lakini kwa nini mtu arudie? Jibu liko katika historia ya Kiingereza. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilipokea maelfu ya maneno kutoka Kifaransa, yakiwamo "enter", "return" na "descend". Vitenzi hivi vilikuja na tabia ya kwao, yaani njia ikiwa imo ndani tayari, sawasawa na kuingia, kurudi na kushuka. Kwa hiyo Kiingereza kina ghala mbili: ile ya zamani yenye "go in", "go back", "go down", na ile ya kigeni yenye "enter", "return", "descend". Mwanafunzi wa Kericho amejifunza kwa jasho kwamba kitenzi cha Kiingereza hakitoshi bila neno dogo la njia. Anaitumia kanuni hiyo kwa uaminifu, hata kwa vitenzi vya Kifaransa ambavyo havihitaji. Hilo ni kosa la mtu anayefikiri. Mwambie tu kwamba vitenzi vya ghala ya pili vinafanana na vya Kiswahili, na ataacha kuvibebesha mzigo usio wao.

Kosa la upande wa pili ni kulisahau neno dogo pale linapohitajika. Mkenya akikuahidi usafiri atakwambia "I will pick you at the stage", yaani nitakuchukua stejini. Kiingereza cha Uingereza kingetaka "pick you up". Sababu ni ileile: kitenzi kuchukua kimekamilika, hakidai msaidizi, basi "pick" nayo imetendewa hivyohivyo. Mahali pengine haina madhara. Katika nchi ya chai, hata hivyo, neno hilo linaweza kuzua kichekesho, kwa kuwa kuchuna majani nako huitwa "pick". Ukiandika "The lorry picks tea at the buying centre", msomaji mgeni ataliona lori limeingia kati ya michai likichuna majani mawili na chipukizi. Ukiongeza "up", lori linarudi kazini kwake, la kukusanya magunia kituoni. Neno la herufi mbili limetenganisha kazi ya mashine na kazi ya mikono.

Hapa msomaji makini atainua mkono. Je, Waswahili hatusemi panda juu, shuka chini, ingia ndani, toka nje? Ikiwa njia imo ndani ya kitenzi, vielezi hivyo vinatafuta nini? Pingamizi hili ni la haki na linastahili jibu. Ni kweli tunasema hivyo kila siku, na wako wahariri wanaokunja uso wakisikia. Lakini fanya jaribio la kuondoa. Mwambie mtu "ingia" bila "ndani", na hakuna atakayebaki mlangoni akijiuliza aende wapi. Kielezi kilikuwa kinakaza tu, au kinaonyesha haraka, au kinaongeza ukali. Sasa ondoa "in" kwenye "go in". Inabaki "go", na aliyeambiwa hajui kama aingie au aende zake. Kwa hiyo lugha zote mbili zina jozi, ila katika Kiswahili kielezi ni nyongeza na katika Kiingereza ni mhimili. Tena pingamizi lenyewe linatusaidia: mazoea ya kusema ingia ndani ndiyo yanayomrahisishia mtu kusema "enter inside". Mzizi wa kosa haupo mbali, upo mdomoni mwetu.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba Kiswahili na Kiingereza havikutani popote. Katika habari za mahali na wakati pasipo mwendo, Kiswahili kinafanya jambo lilelile, tena waziwazi zaidi. Tazama mbali na barabara, karibu na kituo, pamoja na karani. Kila mojawapo ni kielezi kinachoweza kusimama peke yake, kikiunganishwa na jina kwa "na". Tazama pia ndani ya nyumba, juu ya kilima, kabla ya mvua. Yuko ndani ni sentensi kamili. Yuko ndani ya nyumba ni sentensi ileile iliyoongezewa jina. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, aliwashutumu wanasarufi wa Kiingereza mwaka 1924 kwa kuligawanya neno kama "in" liwe kielezi katika "he is in" na kihusishi katika "he is in the house", wakati ni neno moja ambalo mara lina mtegemezi na mara halina. Sarufi kubwa ya Kiingereza iliyotolewa na Cambridge mwaka 2002 ilifuata mkondo huo. Msemaji wa Kiswahili hakuhitaji kusubiri wala 1924 wala 2002. Umbo la ndani na ndani ya limemwonyesha jambo hilo tangu utotoni.

Katika wakati ukaribu ni mkubwa zaidi. Mara tu baada ya mvua ni "right after the rain". Muda mfupi kabla ya saa nane ni "shortly before two o'clock". Kinachopima kimetangulia, kirai kikafuata, sawasawa na Kiingereza. Tofauti hujitokeza katika mambo madogo, kama asubuhi na mapema, ambapo Kiswahili hutaja wakati kwanza na kupima baadaye, ilhali Kiingereza hukaza "early in the morning". Mwalimu anayeanza somo lake kwa jozi za wakati ataona darasa zima linaitikia, kwa sababu anatembea juu ya ardhi wanayoijua. Ugumu uanze baadaye, kwenye mwendo, ambapo ardhi inabadilika.

Wengine watauliza kama haya yote yana faida nje ya mtihani. Je, "right", "just" na "well" si mapambo tu? Sentensi si husimama hata bila hayo? Husimama kweli, lakini pengine husimama ikisema jambo jingine. Tuseme kituo cha kununulia majani chai kimebandika tangazo kwamba majani yafike "well before two o'clock". Mkulima anayeona "before two o'clock" tu atafika saa nane kasorobo, na huenda akakuta mizani imefungwa. Au tuchukue maelezo ya mbolea yanayosema itiwe "soon after the rains begin". Asiyejua kazi ya "soon" ataitia mwezi mzima baadaye na bado ataamini amefuata maagizo. Upande wa mashamba makubwa jambo ni zito zaidi. Tangu kampuni za Uingereza zilipoanza kupanda chai kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, Kiingereza kimekuwa lugha ya ofisi na Kiswahili lugha ya kazini, kinachowaunganisha Wakipsigis, Wakisii, Waluo na Waluhya. Katiba ya 2010 imezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi, lakini karatasi nyingi za kazi zimebaki za Kiingereza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka ilani ya maandishi ya siku 28 kabla ya kuvunja mkataba wa anayelipwa kwa mwezi. Barua inayosema "at least 28 days before" na inayosema "within 28 days after" zina namba ileile na zinatoa maagizo yanayopingana, na tofauti yake yote imo katika kielezi na kihusishi.

Pingamizi jingine linatoka kwa wanaotetea Kiingereza cha Kenya. Wanasema, na kwa haki, kwamba lugha iliyohamia kwa watu wengine hubadilika, na kwamba "I will pick you" inaeleweka kutoka Kapsabet hadi Kwale. Hakuna sababu ya kumwaibisha anayesema hivyo njiani au sokoni, na hata baadhi ya Waingereza husema "return back". Lakini kukubali lugha ya mitaani hakumwondolei mwanafunzi haki ya kuijua ile ya maandishi. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE ina kifungu chenye nafasi za kujazwa, na maneno haya madogo ni miongoni mwa yanayoachwa wazi. Msahihishaji hataki kujua matumizi ya Kwale. Anayezijua njia zote mbili anaweza kuchagua. Anayejua moja amechaguliwa tayari.

Lipo pia pingamizi la walimu wenyewe, na hili lina historia ya uchungu. Wengi wamelelewa katika imani kwamba Kikipsigis na Kiswahili ni adui wa Kiingereza darasani. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya vimewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Kwa imani hiyo, kulinganisha lugha ni kumrudisha mtoto nyuma, na dawa ni kumzamisha katika Kiingereza hadi kimwingie. Dawa hiyo humfaa mtoto anayesikia Kiingereza tangu alfajiri hadi usiku. Mtoto anayesikia Kiingereza darasani tu, kisha akirudi nyumbani anasikia Kikipsigis na dukani anasikia Kiswahili, hana saa za kutosha za kukisia kanuni kwa masikio. Anahitaji kuambiwa. Tena kutumia lugha ya nyumbani si uasi. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika miaka mitatu ya mwanzo, na mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2019 umeshikilia msimamo huohuo kwa madarasa ya chini. Kinachobaki ni kuvuka hatua moja zaidi, lugha hizo zitumike pia katika madarasa ya juu kama kioo cha kutazamia Kiingereza.

Wala hatua hiyo haigharimu vitabu vipya. Mwalimu wa Kapkatet aandike ubaoni sentensi moja ya Kiswahili yenye kupanda au kurudi, kisha awaulize wanafunzi: njia iko wapi hapa? Wataonyesha kitenzi. Aandike ya Kikipsigis, nao wauonyeshe mkia wa kitenzi. Aandike ya Kiingereza, nao wapige mstari chini ya "back", "up", "down", "from" na "to". Siku ya pili awape kazi ya kuondoa neno moja moja na kueleza ni habari gani imepotea. Siku ya tatu wapange upya sentensi iliyovurugwa. Shule za nchi ya chai zina bahati kwamba dirisha la darasa linatazama mteremko, na neno "down" halihitaji picha. Nacho Chuo Kikuu cha Kabianga, kilicho papo hapo Kericho, kingefanya vyema kuwaandalia walimu wa eneo hili mwongozo unaolinganisha lugha hizi tatu, badala ya kuwaachia vitabu vilivyoandikwa kana kwamba kila mtoto wa Kenya amezaliwa bila lugha.

Basi mzazi au mwalimu utakayeona "return back" katika daftari la mtoto, usikimbilie kuipiga mstari. Muulize kwanza neno gani katika sentensi yake linalosema mtu alikwenda upande gani. Akikuonyesha maneno mawili, mwambie achague moja, na umweleze kwa nini.